R ya Wahispania na r zetu za Pwani ya Kusini

Kijana wa Diani anayejifunza Kihispania ili aongoze wageni huenda mbio wiki za mwanzo. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na zetu. Hola, amigo, mañana: haya hayamtoi jasho mtu aliyezaliwa Ukunda, na ile ñ ni ny ya nyama iliyovishwa kofia tu. Shida huanzia kwa mbwa.

Mbwa kwa Kihispania ni perro. Neno pero, lenye r moja, maana yake ni ‘lakini’. Caro ni kitu ghali. Carro ni gari kwa watu wengi wa Amerika ya Kusini, na mkokoteni kwa watu wa Uhispania. Basi rr si pambo la maandishi. Ni sauti nyingine kabisa, na ukiikosa umesema neno jingine. Mteja akilalamika kwamba kinyago ni caro, muuzaji akamjibu kwa maneno yenye carro, hapo mnada umeingia tope.

Ndipo utasikia mtu akijitetea: “Ah, ulimi wangu mzito bwana.” Eti sisi watu wa Pwani hatukujaliwa sauti ile. Wengine husema hivyo kwa mzaha, lakini wapo walioacha masomo kwa sababu yake. Dai hilo nalipinga, tena kwa ushahidi wa historia. Sauti ya perro imekuwa ikitamkwa Kwale kila siku ya Mungu, alfajiri hadi usiku, tangu zamani, na waliyoileta si watalii.

Tuanze na ulimi wenyewe. Unaposema habari, ncha ya ulimi hugonga ufizi wa juu mara moja na kuondoka. Hiyo ndiyo r yetu ya kawaida, na ndiyo r ya pero. Katika perro mambo ni mengine. Ncha ya ulimi husogezwa karibu na ufizi, nyuma kidogo ya meno, ikiwa imelegea. Hewa ya mapafu ikipita hapo kwa kasi, ulimi hutikisika wenyewe mara mbili, tatu au zaidi, kama bendera kwenye upepo. Wenyewe, nasema. Hakuna binadamu anayeweza kuugonga ulimi kwa misuli upesi kiasi hicho. Ndiyo maana anayekaza shingo na kukunja uso haipati: ulimi uliokakamaa hautikisiki. Watoto wa Kihispania nao huisubiri. Ni mojawapo ya sauti za mwisho kuingia vinywani mwao, na wengi huipata wakikaribia miaka 5 au 6.

Sasa chukua kitabu chochote cha fonetiki ya Kiswahili cha shule za Kenya, ufungue penye jedwali la konsonanti. L imeitwa kitambaza. R imeitwa kimadende, jina linalotokana na kule kutetemeka kwa ulimi. Mwanafunzi hukariri jina hilo, akapata alama zake kwenye mtihani, kisha akatoka darasani akisema habari kwa kugonga mara moja kama bibi yake. Kitabu kinaeleza r ambayo Mswahili anaiweza lakini aghalabu haitumii. Huitumia akisisitiza jambo, akikasirika, au akiigiza. Mtoto wa Msambweni anayesukuma tairi na kujifanya dereva wa matatu hatamki r moja; anatoa rrrr ndefu mpaka kona ya duka. Lugha yenyewe imejaza r pahali penye mtetemo na mviringo: nguruma, koroma, tiririka, biringika. Tofauti ni kwamba kwetu urefu wa r haubadilishi maana ya neno. Kihispania kimeufanya ubadilishe.

Lakini r yetu hii tuliipata wapi? Hapa Kwale ni mahali pazuri pa kuuliza, maana kaunti hii moja ina majibu kadhaa.

Wataalamu wa historia ya lugha za Kibantu hukubaliana kwamba lugha-mama ya kale haikuwa na l na r zikiwa sauti mbili zenye kutenganisha maana. Ilikuwa na moja, iliyokaribia l, na kila binti wa lugha hiyo akaichukua kwa namna yake. Idadi ya vitu viwili ndiyo mfano mwepesi. Mswahili husema mbili. Mkikuyu husema igĩrĩ, kwa r. Mkamba, na Wakamba ni wengi kule Shimba Hills na Kinango, husema ilĩ, kwa l. Mdigo husema mbiri.

Chidigo kina utaratibu wake. L ya zamani ilipokaa jirani na i au e, iligeuka r; ilipokaa mbele ya u au o, ilibaki l. Kwa hiyo Mungu ni Mlungu, kuoa ni kulola, lakini mkulima ni mkurima na kula ni kurya. Neno la ulimi, kiungo chenyewe tunachokijadili, ni lurimi: l mbele ya u, r mbele ya i, sauti mbili kutoka shina moja ndani ya neno moja. Leo ni rero, kulia kwa machozi ni kurira. Haya mawili ya mwisho yanastahili kutazamwa tena, kwa kuwa Kiswahili kimedondosha konsonanti ya kati katika yote mawili: leo, lia. Chidigo kimeihifadhi. Yaani Mdigo anayesema rero hajaharibu leo ya Kiswahili. Amebeba kipande cha neno la kale ambacho Mswahili alikiangusha njiani. Mwenye shaka aitazame Mgombato, kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004.

Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu ya yanayotokea madarasani. Mtoto wa Kinondo au Lungalunga akisema mbiri mbele ya darasa la Kiswahili, wenzake huangua kicheko, na mara nyingine mwalimu huwasaidia kucheka. Kwamba katika insha ya Kiswahili sanifu aandike mbili, hilo halina ubishi. Kiswahili sanifu kina kanuni zake, na msingi wake ulichaguliwa mjini Mombasa mwaka 1928, katika mkutano ulioipitisha lahaja ya Unguja, kabla ya kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930. Wadigo hawakuulizwa. Hata wenyeji wa Mombasa, wenye Kimvita chao, walishindwa nyumbani kwao. Basi mtoto afundishwe mbili, kwa adabu, kama lugha nyingine anayoongeza. Akiambiwa ana ulimi mzito, ataamini, na miaka 15 baadaye ndiye huyo atakayesimama ufuoni Diani akisema perro haiwezekani.

Turudi kwenye Kiswahili. Kama mama alikuwa na sauti moja, mbona sisi tunatenganisha l na r kwa ukali hivi, hadi mtu akichanganya anakuwa kichekesho cha runinga? Tazama jozi ambazo walimu hupenda kuzitumia: kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura. Ondoa kula, ambalo ni neno la Kibantu. Yaliyobaki yote asili yake ni Kiarabu. Sisemi kwamba Kiswahili hakikuwa na r kabla ya Waarabu. Kuruka na -refu si maneno ya kuazima. Nasema kwamba ni wingi wa maneno ya Kiarabu uliofanya tofauti ile iwe na faida kubwa, mtu aone hasara ya kuichanganya. Tena maandishi yalisaidia. Kabla ya herufi za Kirumi, Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo hazikuwa na herufi za asili za p, v wala ch, na waandishi walihangaika nazo, lakini ra na lam zilikuwa herufi mbili mbalimbali. Anayeandika alilazimika kuamua.

Na pamoja na ra ikaja elimu yake. Hapa ndipo penye rr ya Kihispania.

Ukipita karibu na chuo chochote cha Kurani kutoka Likoni hadi Vanga, utawasikia watoto wakisoma. Watakapofika kwenye jina Ar-Rahman, sikiliza vizuri. Ile l ya al- imemezwa na ra inayofuata, ra ikatiwa shadda, ikawa mbili. Ulimi haugongi mara moja pale. Unakaa, unatikisika. Hiyo ni rr ya perro, msomaji wangu, na inatamkwa na mtoto wa miaka 6 ambaye hajawahi kusikia habari za Madrid.

Wanazuoni wa Kiarabu waliisoma sauti hii mapema mno. Sibawayh, mwanasarufi aliyefariki mwishoni mwa karne ya 8, aliieleza ra kuwa ni sauti yenye kurudiwa, kwa maana ya ulimi kurudia pigo lake. Wataalamu wa tajwidi wakaipa sifa ya takriri. Ajabu ni kwamba sifa hii hufundishwa ili isizidishwe. Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, anaagiza katika utenzi wake mashuhuri wa tajwidi kwamba takriri ifichwe ra inapotiwa shadda. Msomaji asiiachie ulimi ukangurumisha ra tatu nne hadi neno likaharibika. Mwanafunzi anajua kuwa ulimi unataka kutetemeka, na anafundishwa kuushika. Huwezi kuzuia kitu usichokuwa nacho.

Uislamu wa Pwani hii si wa jana. Msikiti wa Kongo hapo Diani, penye mlango wa mto Mwachema, una umri wa karne nyingi, na Wavumba wa Wasini na Vanga walikuwa na masharifu na madiwani wao zamani. Miongoni mwa Wadigo wa mashambani dini ilienea zaidi katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kwa hiyo kwa wengine rr hii ni ya mababu wengi na kwa wengine ni ya babu wa tatu au wa nne. Vyovyote vile, iliwatangulia wageni wa hoteli.

Upande wa pili wa hadithi uko Uhispania kwenyewe. Waislamu waliingia rasi ile mwaka 711, na dola yao ya mwisho, Granada, ikaanguka mwaka 1492. Katika karne hizo karibu nane Kihispania kilijaa maneno ya Kiarabu, kama Kiswahili kilivyojaa. Tofauti ni kwamba Wahispania waliyapokea maneno mengi pamoja na al- yake, sisi tukaiacha mlangoni. Sukari kwetu ni sukari. Kwao ni azúcar. Mchele kwao ni arroz. Kwa nini rr? Kwa kuwa ni ar-ruzz ya Kiarabu, ile ile kanuni ya Ar-Rahman: l imemezwa, ra ikawa mbili, Mhispania akaiandika hivyo hivyo hadi leo. Arrecife, yaani mwamba wa baharini kama ule unaokinga fuo za Diani, ni ar-rasif.

Kipo kingine kinachonifurahisha zaidi. Mhispania ana kipimo cha kale kiitwacho arroba, kilichokuwa robo ya kipimo kikubwa zaidi cha uzani. Neno ni ar-rub‘, yaani robo. Ni robo hii hii unayoiomba dukani, robo ya sukari, robo ya unga. Wao wamebaki na kiambishi na rr, sisi tumebaki na r moja. Siku hizi arroba ni jina la Kihispania la ile alama ya a iliyozungushiwa duara katika anwani za barua pepe. Wareno walikuwa na arrátel, kipimo cha uzani. Sisi tuna ratili. Neno moja, bandari mbili.

Kwa hiyo watu wa rasi ile walipofika kwetu, hawakuwa wageni wa kuachana mbali kama vitabu vinavyowachora. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa Aprili 1498. Miongoni mwa watu wake alikuwemo Fernão Martins, mkalimani aliyejua Kiarabu. Mazungumzo na wenyeji yalipita kwa lugha ambayo pande zote mbili zilikuwa zimekopa kwayo. Tena Kireno cha siku zile kilitamka rr kwa ncha ya ulimi, kama Kihispania cha leo; ile rr ya kooni unayoisikia Lisbon sasa ilienea baadaye sana, kuanzia karne ya 19.

Na Wahispania? Nao hawakuwa mbali. Kuanzia 1580 hadi 1640 taji la Ureno lilikuwa juu ya kichwa cha mfalme wa Uhispania. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilijengwa kwa enzi ya Philip wa Pili, mfalme wa Uhispania ambaye Wareno walimhesabu Philip wa Kwanza wao. Michoro yake ilitengenezwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Humo ndimo tulimochukua gereza: neno igreja, kanisa kwa Kireno, lililoishia kumaanisha mahali pa kufungia watu, na Waingereza wakalithibitisha kwa kuifanya ngome hiyo jela hadi mwaka 1958.

Yapo maneno mengine ya Kireno yenye r yaliyobaki nasi. Bandeira ikawa bendera, padre akawa padri, parafuso ikawa parafujo, fronha ya mto wa kulalia ikawa foronya. Roda, ambayo kwao ni gurudumu, mabaharia wetu waliifanya kapi ya kupitishia kamba. Neno hili la mwisho lina funzo lake. Mwanzoni mwa neno, Mreno na Mhispania hawana r nyepesi. R ya kwanza daima hutetemeshwa kama rr. Waswahili waliisikia roda ikitetemeshwa, wakaitamka kwa pigo moja. Hawakushindwa. Hawakuihitaji, kwa sababu katika lugha yao hapakuwa na neno la pili la kulitenganisha na hilo.

Ushahidi mzuri zaidi uko barazani, kwenye karata. Jina karata lenyewe ni carta, na turufu ni trunfo. Angalia r zilivyopewa irabu zao, ka-ra-ta, tu-ru-fu, ili zipate pa kukaa. Kisha zile aina nne. Uru ni ouros, dhahabu. Kopa ni copas, vikombe. Shupaza ni espadas, panga. Karata za jadi za Uhispania mpaka leo zina oros, copas na espadas. Nne yao ni bastos, marungu, ambapo sisi tulifuata Wareno tukaita pau. Mzee wa Gazi anayempiga mwenzake kwa uru anataja dhahabu ya Wahispania bila kuondoka mkekani.

Sasa, kijana wetu wa Diani. Mara nyingi yeye si mgeni wa lugha za kigeni. Ufuo ule umepokea Wajerumani kwa miongo mingi, na mabichi boi wengi wamekiokota Kijerumani kwa masikio tu, bila darasa. Nadhani hapa ndipo sehemu ya tatizo ilipo, kuliko kwenye Kiswahili. R ya Wajerumani wengi hukaa nyuma, kooni, jirani na gh ya ghali. Aliyeizoea hiyo kwa miaka kumi, akisikia neno la Kizungu lenye r, ulimi wake hurudi kooni wenyewe. Anataka kusema perro inatoka kama peghgho. Mhispania hucheka kidogo, kijana hujiona hawezi.

Dawa ni kuirudisha r mbele. Asianze na Kihispania. Aanze na karata, itamkwe pole pole, asikie ncha ya ulimi inapogusa. Kisha aongeze kasi: kara, kara, kara. Kisha aingize d kabla ya r, dra, dra, tra, kwa kuwa d humweka ulimi pale pale kwenye ufizi na kuuachia na hewa nyuma yake. Meno yasibanwe, taya lisikazwe. Anayesoma Kurani aseme Ar-Rahman kama alivyofundishwa, kisha nje ya kisomo, kwa neno lisilo la ibada, auache ulimi ufanye kile mwalimu alichomkataza: utetemeke zaidi ya kiasi. Arroz ndilo neno la kuanzia, maana mwendo wake ni ule ule, a kisha ra mbili. Asiyepitia chuo aazime mngurumo wa matatu wa utotoni mwake.

Akiipata rr katikati ya neno, kazi haijaisha. Sheria ya roda bado inamngoja: río, rey, ropa, zote zaanza kwa r moja kwa maandishi na zinataka mtetemo kamili. Vivyo hivyo r iliyofuata n, l au s, kama katika jina Enrique. Na katika pero, caro na ahora arudi kwenye pigo lake moja la nyumbani, la habari na bendera. Wageni kutoka Uingereza na Marekani hukesha wakilitafuta pigo hilo, kwa kuwa r yao haiugusi ufizi hata kidogo. Mdigo anaamka nalo.